Imezimika au Imezimwa? Sarufi ya Kusaka Hitilafu ya Kadi ya Mtandao katika Seva Yenye Shughuli Nyingi

Utangulizi

Katika ofisi nyingi zinazotegemea tarakilishi, kuna sentensi moja isiyokosa kusikika: "Mtandao umeanguka." Husemwa na karani aliyeshindwa kufungua faili, husemwa na mwanafunzi aliyeshindwa kusajili kozi zake siku ya mwisho, na husemwa na mhadhiri ambaye alama alizokuwa akiingiza zimepotea kabla ya kuhifadhiwa. Sentensi hiyo ni fupi na inaeleweka, lakini haimsaidii fundi hata kidogo. Haisemi ni nini kilichoanguka, kilianguka lini na mara ngapi, wala kama kilianguka chenyewe au kiliangushwa. Kutokana na uchache huo wa habari, lawama huishia kwa kifaa kilicho rahisi kulaumiwa, yaani kadi ya mtandao. Kadi hung'olewa, nyingine hununuliwa, na baada ya siku mbili hitilafu hurudi palepale.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kusaka hitilafu ya kadi ya mtandao ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya bisibisi. Hoja kuu ni kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili, ambao kila mwanafunzi wa isimu anaujua, unampa fundi utaratibu mzuri wa kupanga ushahidi wake. Kauli tano zitatumiwa: kutendeka, kutendana, kutendwa, kutendesha na kutendua. Ifahamike kwamba haidaiwi hapa kuwa mofolojia hutengeneza mashine. Kinachodaiwa ni kwamba anayechanganya "imezimika" na "imezimwa" katika usemi huelekea kuzichanganya katika fikra pia, na gharama ya mchanganyiko huo hulipwa na watu wasiohusika.

Seva, kadi na pakiti

Seva ni tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine. Kadi ya mtandao ndiyo mlango wake: upande mmoja imeunganishwa kwa kebo na swichi, ambacho ni kifaa kinachogawa mawasiliano kwa mashine mbalimbali, upande wa pili imeunganishwa na kumbukumbu na kichakataji cha seva. Habari hazisafiri kwa mkupuo mmoja bali hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kati ya kadi na mfumo wa uendeshaji kuna programu-endeshi, ambayo ndiyo mkalimani wa pande hizo mbili.

Mfano wa bandari unaweza kusaidia. Seva ni mji, kadi ni gati, pakiti ni majahazi yanayotia nanga, na kichakataji ni mchukuzi anayepakua shehena. Kando ya gati pana ghala dogo ambamo shehena husubiri mchukuzi. Ghala hilo likijaa, jahazi linalofuata halina pa kushusha, na mzigo wake hutupwa baharini.

Kasi ya bandari hii si ya kawaida. Kadi ya gigabiti moja kwa sekunde, ikipokea pakiti ndogo kabisa zinazoruhusiwa na kanuni za Ethernet, huweza kufikiwa na pakiti 1,488,095 katika kila sekunde. Zikiwa ni pakiti za ukubwa wa kawaida wa juu kabisa, idadi hushuka hadi takriban 81,000. Kwa hivyo, seva mbili zenye kadi sawa na zinazopokea kiasi sawa cha habari huenda zikawa na mizigo tofauti sana ya kazi, kwa kuwa mchukuzi huchoshwa zaidi na idadi ya majahazi kuliko uzito wa shehena.

Mfano mmoja wa kubuni utafuatwa hadi mwisho. Ni siku ya mwisho ya usajili wa kozi katika chuo kikuu. Kuanzia saa nne asubuhi, wanafunzi wanalalamika kwamba seva inasita: ukurasa unafunguka nusu, unakwama, kisha unafunguka tena. Fundi amekwisha kuambiwa kwamba kadi ni mbovu na kwamba aandike barua ya kuomba mpya. Kutoa kadi ni kuzima seva kwa muda, na saa kumi na moja jioni usajili unafungwa. Je, aanze wapi?

Kauli ya kutendeka: kusema kilichoonekana tu

Kauli ya kutendeka hueleza hali bila kumtaja mtenda. Kikombe kimevunjika. Kamba imekatika. Taa imezimika. Msemaji wa Kiswahili sanifu hasemi "kikombe kimevunjika na Asha". Akitaka kumtaja Asha hana budi kuhamia kauli nyingine. Udhaifu huu wa kauli, ukiwa kweli ni udhaifu, ndio nguvu yake katika hatua ya kwanza ya uchunguzi. Unamruhusu fundi kurekodi jambo bila kumhukumu mtu wala kifaa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuibadilisha sentensi "mtandao umeanguka" kuwa sentensi kadhaa za kutendeka zinazotofautiana. Je, kiungo kati ya kadi na swichi kimekatika, yaani taa ya kadi imezimika kisha ikawaka? Je, kiungo ki wima lakini pakiti zinaharibika njiani? Au pakiti zinafika salama kisha zinapotea mlangoni? Au pakiti zinaingia lakini hakuna zinazotoka? Hizi ni hitilafu nne zenye vyanzo tofauti, ingawa mwanafunzi aliyeketi mbele ya kioo huziona zote kuwa moja.

Ushahidi wa kuzitenganisha upo ndani ya seva yenyewe. Kwanza ni kumbukumbu za matukio. Mabaharia wa pwani walikuwa na neno zuri la daftari la safari ya chombo, nalo ni batli. Neno hilo linafaa kabisa hapa, kwa kuwa seva nayo huandika kila tukio pamoja na saa yake. Katika mifumo ya Linux, amri iitwayo dmesg huonyesha batli ya kiini cha mfumo. Humo fundi ataona kama kiungo kilikatika na kilirudi lini, au kama mlinzi wa ndani wa mfumo alitangaza kwamba foleni ya kutuma imekwama kupita muda unaoruhusiwa.

Pili ni vihesabio. Kadi huhesabu pakiti ilizopokea, ilizotuma, zilizofika zikiwa zimeharibika, na ilizolazimika kuziacha kwa kukosa nafasi. Programu iitwayo ethtool huvisoma vihesabio hivyo. Hata hivyo, tarakimu moja iliyosomwa mara moja haina maana kubwa. Pakiti mia tano zilizoharibika huenda ziliharibika mwaka uliopita kebo ilipokuwa ikichomekwa. Kinachotakiwa ni kusoma sasa, kusubiri dakika chache wakati wa msongamano, kusoma tena, na kutafuta tofauti. Kama ilivyo katika uhakiki, dondoo lililong'olewa katika muktadha wake hupotosha.

Katika mfano wa usajili, fundi anasoma batli na kugundua kwamba kiungo hakijakatika hata mara moja tangu alfajiri. Pakiti zilizoharibika ni sifuri. Lakini kihesabio cha pakiti zilizoachwa kwa kukosa nafasi kinapanda kila sekunde, na kilianza kupanda saa nne. Tayari sentensi ya kwanza imebadilika. Si "mtandao umeanguka" tena, bali "pakiti zinafika salama na kupotea mlangoni".

Kauli ya kutendana: pale ambapo mkosaji si mmoja

Kabla ya kumtafuta mtenda, ni vyema kuuliza kama yuko mmoja. Kauli ya kutendana huhitaji pande mbili: kupatana, kuelewana, kugongana. Kuna hitilafu ya kadi za mtandao ambayo haiwezi kuelezwa kwa haki ila kwa kauli hii.

Kadi na swichi, zinapounganishwa, hujadiliana zenyewe kuhusu kasi na namna ya kuzungumza: ama zote mbili zitume na kupokea kwa wakati mmoja, ama zipokezane zamu. Matatizo huanza pale ambapo mtu amekusudia mema na kuufunga upande mmoja kwa mkono, kwa mfano swichi iwe na kasi ya megabiti 100 ikituma na kupokea kwa wakati mmoja, huku kadi ikiachwa ijadiliane. Swichi iliyofungwa hivyo haijadiliani tena. Kadi huweza kuitambua kasi kutokana na mawimbi ya umeme, lakini haina njia ya kujua kuhusu zamu, na kwa mujibu wa kanuni huchukua hali ya kupokezana. Matokeo ni mazungumzo kati ya mtu anayesubiri zamu na mtu asiyejua kwamba kuna zamu.

Jambo la kutisha ni kwamba hitilafu hii hujificha wakati wa utulivu. Fundi anayeijaribu seva usiku atapata majibu mazuri, kwa kuwa pakiti ni chache na hazikutani. Asubuhi, seva inapokuwa na shughuli nyingi, migongano huzidi na kasi huporomoka. Dalili huonekana pande zote mbili, lakini kwa sura tofauti: upande unaopokezana huhesabu migongano iliyochelewa, na upande mwingine huhesabu pakiti zilizoharibika. Anayesoma upande mmoja tu ataona nusu ya hadithi na kuilaumu kebo. Kila upande ukichunguzwa peke yake ni mzima. Kilichokosekana ni mapatano.

Kebo nayo huweza kuwa na sehemu yake. Kasi ya gigabiti juu ya nyaya za shaba huhitaji jozi zote nne za nyaya, ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Kwa hivyo, kiungo kilichokuwa cha gigabiti kikijishusha na kubaki katika megabiti 100, waya mmoja uliolegea katika kichwa cha kebo ni mshukiwa wa mapema kuliko kadi.

Kauli ya kutendwa: kumtafuta mtenda

Hali ikishaelezwa na mapatano yakishathibitishwa, sasa fundi anaweza kuuliza swali la kauli ya kutendwa: kadi imefanywa nini, na imefanywa na nani? Visa viwili vilivyo katika kumbukumbu za umma vinafaa kuzingatiwa, kwa kuwa katika vyote kadi ilionekana mkosaji ilhali ilikuwa imetendwa.

Kisa cha kwanza ni cha kulemewa. Katika mfumo wa zamani, kila pakiti ilipofika, kadi ilipiga kengele na kichakataji kililazimika kuacha kazi yake ili kuipokea. Utaratibu huu ni wa adabu mradi wageni ni wachache. Mnamo 1996 na katika toleo pana la 1997, watafiti Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza jinsi utaratibu huo unavyoporomoka. Pakiti zikizidi kiwango fulani, kichakataji hutumia muda wake wote kuitikia kengele, kisipate nafasi ya kuishughulikia hata pakiti moja hadi mwisho. Kazi inayokamilika haibaki palepale ilipofika. Hushuka, na huweza kufika sifuri. Mashine inatoka jasho na haizalishi chochote. Ni kama mwenye nyumba anayekimbilia mlango kila unapobishwa, akampokea mgeni kizingitini, na kabla hajamkaribisha ndani akaitwa tena na mwingine.

Dawa waliyopendekeza ni kunyamazisha kengele wakati wa msongamano na kumwacha kichakataji kupita mwenyewe kwa zamu, achukue pakiti kwa kipimo, kisha aendelee na kazi nyingine. Mwaka wa 2001, Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza utaratibu wa namna hiyo kwa ajili ya Linux, na hadi leo ndio msingi wa upokeaji wa pakiti katika mfumo huo. Ni muhimu kutambua kwamba kabla ya uelewa huo, kununua kadi yenye kasi zaidi kungeweza kuizidisha hitilafu badala ya kuiponya, kwa kuwa kungeongeza wageni mlangoni bila kuongeza wa kuwapokea.

Kisa cha pili ni cha kufutwa. Mwezi wa Septemba 2008, wakati toleo la 2.6.27 la kiini cha Linux likiwa katika majaribio, watu waliolijaribu walipata kwamba baadhi ya kadi za Intel zinazotumia programu-endeshi ya e1000e zimekufa. Hazikuwa zimechoka. Kila kadi ina kumbukumbu ndogo ya kudumu yenye utambulisho na mipangilio yake, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imeharibiwa. Mshukiwa wa wazi alikuwa programu-endeshi, ambaye ndiye huishika kadi kila siku. Wasanidi waliharakisha kuilinda kumbukumbu hiyo isiandikwe ovyo.

Uchunguzi ulipokamilika mwezi wa Oktoba, mtenda alipatikana mahali pasipotarajiwa kabisa: zana ya kufuatilia utendakazi wa kiini chenyewe, iitwayo ftrace. Zana hiyo ilikuwa ikirekebisha maagizo ya programu yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine. Baadhi ya maeneo iliyoyakumbuka yalikuwa yameachwa na wenyewe, na anwani zilezile zikawa zimekabidhiwa kadi ya mtandao. Zana ilirudi kuandika katika nyumba iliyokwisha kubadilisha mwenyeji. Katika toleo la 2.6.27.1, sehemu husika ya zana hiyo ilizimwa. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako: chombo kilichowekwa kuchunguza hitilafu ndicho kilichozaa hitilafu.

Fundi wa usajili anarejea kwa kadi yake akiwa na swali lililonolewa. Pakiti zinaachwa kwa kukosa nafasi. Ni nani asiyeondoa shehena ghalani? Anafungua orodha ya wito za kukatiza, ambayo katika Linux husomwa katika /proc/interrupts, na kuona kwamba wito zote za kadi zinamwendea kiini kimoja cha kichakataji, ingawa seva ina viini vinane. Kiini hicho kimejaa kazi pomoni. Vingine saba vinapiga miayo. Kadi haikushindwa kupokea. Ilipokea, ikakosa wa kumkabidhi.

Kauli ya kutendesha: ushahidi wa mwisho

Kumtaja mtenda si kumthibitisha. Dhana nzuri inayolingana na dalili zote huweza bado kuwa ya uongo. Hapa ndipo kauli ya kutendesha inapohitajika: mchunguzi aifanye hitilafu itokee kwa kusudi, na aifanye isitokee kwa kusudi. Asiyeweza kuizimisha kadi kwa hiari yake hajajua ni nini kinachoizima.

Mfano bora wa hatua hii ni wa Februari 2013, pale ambapo Kristian Kielhofner, mhandisi wa kampuni ya simu za intaneti nchini Marekani, alipochapisha maelezo ya uchunguzi wake wa mashine zenye vidhibiti vya mtandao vya Intel vya aina ya 82574L. Mashine hizo zilifanya kazi vyema, kisha baada ya muda usiotabirika kiungo kilikufa na taa zake zikazimika. Hakukuwa na tiba ila kukata umeme kabisa na kuurudisha. Kwa macho ya kawaida, hii ilikuwa picha kamili ya kadi mbovu.

Kielhofner alikusanya pakiti zilizopita kabla ya kila kifo na kuzilinganisha. Hatimaye alipata pakiti ambayo, ikitumwa tena, kadi ilikufa. Kisha akaanza kuibadilisha baiti kwa baiti. Aligundua kwamba yote yalitegemea baiti moja katika nafasi inayoandikwa 47f katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, yaani 1151 katika hesabu ya kawaida. Baiti hiyo ikiwa na alama ya tarakimu 2 au 3, kadi ilizimika. Ikiwa na alama ya 4, kadi haikudhurika, na zaidi ya hayo ilikingwa dhidi ya pakiti ya kuua hadi itakapozimwa na kuwashwa tena. Hilo ndilo lililoifanya hitilafu ionekane ya kubahatisha: kadi nyingi zilipata kinga bila mtu yeyote kujua, kwa kupokea pakiti ya kawaida kwanza.

Baadaye Intel ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mipangilio isiyo sahihi iliyowekwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kidhibiti na mtengenezaji mmoja wa ubao mkuu wa tarakilishi. Kwa maneno mengine, hata hapa ambapo kadi ilizimika kweli, ilikuwa imezimwa: na pakiti kwa upande wa nje, na mipangilio kwa upande wa ndani.

Mwanafunzi wa fasihi hatauona uchunguzi huu kuwa mgeni. Aliyewahi kusoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu anajua kwamba nukta moja chini ya herufi huifanya kuwa b, na nukta mbili juu ya umbo lilelile huifanya kuwa t. Mhakiki hulinganisha nakala hadi aipate nukta iliyobadilisha maana ya mshororo. Kielhofner alilinganisha pakiti hadi akaipata baiti.

Kauli ya kutendua: kurekebisha bila kupoteza njia

Kitenzi cha kutendua huligeuza tendo: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Katika ukarabati, kauli hii ni kanuni ya maadili. Kila badiliko lifanywe peke yake, liandikwe, na liwe la kuweza kutenduliwa. Fundi anayebadilisha kebo, programu-endeshi na mipangilio ya swichi kwa pamoja huenda akaiponya seva, lakini hatajua alichokitibu, na hitilafu ikirudi atalazimika kuanza upya.

Fundi wa usajili ana mabadiliko mawili mbele yake. La kwanza ni kulipanua ghala. Katika kadi nyingi za gigabiti za Intel, nafasi za kupokelea huanza na 256 na huweza kuongezwa hadi 4096. Hesabu ndogo, hata hivyo, inamwonya. Kwa kasi ya juu ya pakiti ndogo, nafasi 256 hujaa kwa takriban sehemu 172 za milioni ya sekunde. Nafasi 4096 hujaa kwa takriban sehemu 2,750 za milioni, yaani chini ya sehemu tatu za elfu ya sekunde. Ghala kubwa humsaidia aliyevamiwa kwa ghafla. Halimsaidii aliyelemewa mchana kutwa. La pili ni kuwagawia viini vingine kazi ya kupokea, ikiwa kadi ina foleni zaidi ya moja, ili wachukuzi wawe wengi.

Anaanza na la pili, kwa kuwa ndilo linalojibu swali la kutendwa. Kabla ya hapo anaandika mipangilio ya awali kwenye daftari lake. Anagawa kazi, anasoma kihesabio, anasubiri dakika tano, anasoma tena. Pakiti hazipotei. Kwa muda mfupi anaurudisha mpangilio wa zamani, na kihesabio kinaanza kupanda. Anaugawa tena, kinatulia. Huo ni utendeshaji na utenduaji kwa pamoja, na ndio unaomruhusu kusema "nimejua" badala ya "nimebahatisha". Hakuna kadi iliyonunuliwa, seva haikuzimwa, na saa kumi na moja jioni haijafika.

Istilahi pekee hazitoshi

Juhudi za kukipa Kiswahili msamiati wa tarakilishi si haba. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za programu zikafuata njia hiyo. Mjadala kuhusu tarakilishi na kompyuta, au kiungo na linki, umejaza kurasa nyingi na utaendelea kuwa na manufaa.

Hata hivyo, mjadala huo umeelemea upande wa nomino. Nomino hutaja kifaa, hazisemi kilichokipata. Anayejua majina yote ya sehemu za seva lakini hawezi kutofautisha "pakiti zimepotea", "pakiti zimeachwa" na "pakiti zimeharibiwa" bado hajaanza kufikiri kuhusu hitilafu. Utajiri wa Kiswahili katika eneo hili haumo katika kamusi za istilahi pekee; umo katika viambishi vya kitenzi, ambavyo havihitaji kuundwa na kamati yoyote. Vipo, na kila mtoto anayesema "sikukivunja, kimevunjika chenyewe" anaujua uzito wake kisheria.

Sentensi ya mtoto huyo inastahili kuzingatiwa. Kauli ya kutendeka ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi lakini ni mahali pabaya pa kuumalizia, kwa sababu inamficha mtenda. Ripoti ya ukarabati inayoishia na "kadi iliharibika" ni sawa na utetezi wa mtoto. Inawezekana ni ya kweli, lakini haijakamilika hadi iseme iliharibiwa na nini, au ithibitishe kwamba hakuna kilichoiharibu ila umri wake.

Hitimisho

Imebainika kwamba kusaka hitilafu ya kadi ya mtandao kwenye seva yenye shughuli nyingi ni safari kutoka kauli moja hadi nyingine. Fundi huanza kwa kueleza hali bila kuhukumu, huuliza kama pande mbili zimepatana, humtafuta mtenda, humthibitisha kwa kuifanya hitilafu itokee na isitokee, na hurekebisha kwa hatua zinazoweza kurudishwa nyuma. Aidha, imeonekana kwamba katika visa vya 2008 na 2013, na katika tatizo la kulemewa lililoelezwa 1996, kadi ilikuwa mshukiwa wa kwanza na mara zote kulikuwa na mtenda nyuma yake.

Kadi zipo zinazokufa kweli, kwa joto, kwa radi au kwa uzee, na zinapokufa hazina budi kubadilishwa. Lakini hukumu hiyo ije mwisho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha sentensi hizi kwa kuzingatia kauli ya kitenzi na ushahidi ambao kila moja inauhitaji: "Kiungo kimekatika", "Kiungo kimekatwa", "Kadi na swichi hazikupatana".
2. Kwa nini hitilafu ya kutopatana kati ya kadi na swichi hujificha usiku na kujitokeza mchana?
3. Chukua ripoti yoyote fupi ya ukarabati, iwe ya gari, bomba au tarakilishi. Bainisha vitenzi vyake vyote vya kauli ya kutendeka, kisha uandike upya zile sentensi ambazo zingestahili kumtaja mtenda.